Muziki wa hausi haukuzaliwa nyumbani, ulizaliwa ghalani

Majuma matatu yaliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili katika somo la tafsiri aliniletea kazi yake niikague. Alikuwa amechagua makala ndefu ya Kiingereza kuhusu muziki wa dansi, akaifasiri kwa Kiswahili safi, kinachosomeka bila kujikwaa. Ila kila alipokutana na jina la muziki wenyewe, ‘house music’, aliandika “muziki wa nyumbani”. Nilikata kwa kalamu nyekundu mara ya kwanza, nikakata mara ya pili, na nilipofika mara ya sita nikaiweka kalamu chini. Kama si muziki wa nyumbani, ni muziki wa nini basi? Jibu nilikuwa nalo, lakini halingetosha kwenye ukingo wa karatasi. Ndiyo sababu naliandika hapa.

Katika makala haya nitaandika ‘hausi’, kwa tahajia yetu. Neno hilo tulilikaribisha zamani katika hausigeli na hausiboi, maneno yenye machungu yake ambayo siku moja nitayarudia. Lakini hausi ya muziki si hausi ya hausigeli. Ni kipande kilichobaki baada ya neno refu kukatwa kichwa. Neno zima lilikuwa Warehouse, yaani ghala, bohari, au kwa lugha ya watu wa Industrial Area hapa Nairobi, godauni. Na halikuwa ghala lolote tu. Lilikuwa jina la klabu moja, katika jengo moja la ghorofa tatu, nambari 206 South Jefferson Street, mjini Chicago, Marekani. Mwanafunzi wangu angeandika “muziki wa godauni” angeukaribia ukweli zaidi, ingawa wasomaji wake wangedhani ni nyimbo za wapakuzi wa magunia.

Lugha zote hukata maneno namna hii. Kipande cha jina hubaki, huvaa maana mpya, na kilichokatwa husahaulika. Sisi tunasema ‘matatu’ kila siku, na ni wachache miongoni mwa vijana wanaojua kwamba ni mabaki ya mang'otore matatu ya Kikuyu, senti thelathini za nauli ya kale. Kusahau huko hakumdhuru mtu. Lakini chukua Kariakor. Jina hilo, pamoja na Kariakoo ya Dar es Salaam, ni Carrier Corps iliyotafunwa na ndimi zetu: kikosi cha wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao walikufa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na malaria wakiwa wamebeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Mtu anakwenda Kariakor kula nyama choma Jumapili na hajui kwamba ametaja kaburi. Jina lipo, watu wenyewe hawamo ndani yake. Hausi ni jina la aina hii ya pili.

Warehouse ilifunguliwa mwaka 1977 na Robert Williams, Mmarekani Mweusi aliyehamia Chicago kutoka New York. Huko alikotoka alikuwa amezizoea sherehe za kucheza dansi usiku kucha, na Chicago hakuzikuta. Alimtaka dijei Larry Levan aje amfanyie kazi. Levan akakataa, maana alikuwa ameahidiwa klabu yake mwenyewe, Paradise Garage, ambayo kama jina linavyosema ilikuwa imetiwa katika gereji ya magari. (Ghala huku, gereji kule. Muziki huu haujawahi kupewa ukumbi wa heshima.) Nafasi ya Chicago ikamwendea rafiki wa Levan tangu ujana, Frankie Knuckles, aliyezaliwa Bronx mwaka 1955. Wote wawili walijifunzia ufundi wao kwenye Continental Baths, hamamu iliyokuwa chini ya hoteli ya Ansonia kule New York, mahali walipokusanyika wanaume waliopenda wanaume. Levan na Knuckles wenyewe walikuwa miongoni mwao, wala hawakulificha jambo hilo.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa nimefika mahali ambapo lugha yetu inanitia mashakani. Niwaiteje watu hawa? Neno ‘shoga’ ndilo linalotangulia kuja mdomoni, na ni neno lenye kisa chake. Nenda Mombasa au Lamu, uwasikilize wanawake wakisalimiana: shoga ni rafiki wa chanda na pete, mwandani wa kuambiwa siri na kuazimwa leso. Kamusi zetu zinaianza maana hiyo. Kisha neno likahamishiwa kwa wanaume, na katika kuhama likageuka tusi, hata leo wapo wanawake wa bara wanaoshtuka wakiitwa shoga na jirani wa Pwani anayewapenda. Maneno mengine tuliyo nayo ni mabaya zaidi, na mhariri angeyafuta kabla ya kuchapa. Kwa hiyo nitasema kwa maneno ya wazi: wanaume waliopenda wanaume, wanawake waliopenda wanawake, na pale ninapowataja wote pamoja, wapenzi wa jinsia moja. Ni maneno marefu. Afadhali urefu kuliko tusi.

Turudi Chicago. Ili kuelewa kwa nini ghala lile lilijaa, lazima ujue milango iliyokuwa imefungwa. Chicago ni mji uliojengwa kwa Uhamaji Mkuu, pale mamilioni ya Weusi walipotoka kusini mwa Marekani kati ya miaka ya 1910 na 1970 wakikimbia mashamba ya pamba na watu wa kunyonga. Walifungiwa upande wa kusini wa mji. Humo walizaa muziki wa injili chini ya Thomas Dorsey, wakaitia umeme bluzi ya Mississippi. Humo humo, tangu mwaka 1935, mtu aliyeitwa Alfred Finnie alikuwa akiandaa dansi ambamo wanaume walivaa magauni na kushindania urembo, na baadaye magazeti ya Weusi kama Ebony na Jet yakawa yanachapa picha zake. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mambo haya yalianza juzi. Hayakuanza juzi.

Kufikia miaka ya 1970, upande wa kaskazini wa mji ulikuwa na klabu za wapenzi wa jinsia moja. Wenye klabu walikuwa wazungu, na wengi wao walikuwa na hila moja mlangoni. Mzungu alipita. Mweusi aliombwa kitambulisho, akakitoa, akaombwa cha pili, hata cha tatu. Kwa upande mwingine, kwenye klabu nyingi za Weusi wenzake, kijana huyo huyo alilazimika kuficha anayempenda, na kanisani kwao aliketi akisikiliza mahubiri yanayomtaja yeye bila kumtaja jina. Huku alikataliwa kwa rangi, kule kwa mapenzi. Robert Williams aliwafungulia mlango ambao haukuuliza lolote kati ya hayo mawili.

Waliokuwamo wanasimulia mambo yanayofanana. Watu waliingia Jumamosi usiku na kutoka Jumapili jua limeshachomoza. Pombe haikuuzwa, palikuwa na maji na sharubati. Joto lilikuwa kali mno. Wengi walikuwa Weusi na Walatino, wengi wao wanaume waliopenda wanaume, lakini wanawake walikuwamo, na baada ya muda hata vijana wasiokuwa wa kundi hilo wakaja kwa sababu muziki ulikuwa mtamu kuliko kwingine kokote. Knuckles alipiga santuri za Philadelphia, za soul, za disko ya Italia, akaziunganisha pasi na mwanya, wimbo mmoja ukiyeyuka ndani ya mwingine. Mara nyingine aliipiga sauti ya garimoshi la kasi gizani, mpaka watu wakahisi linawapitia kifuani.

Neno ambalo Knuckles mwenyewe alilitumia kupaelezea mahali hapo, na wengine baada yake, ni kanisa. Msomaji mcha Mungu asiudhike haraka. Sikiliza muziki wenyewe: piano inayogonga kama ya ibada ya Jumapili, mwimbaji anayepandisha sauti hadi inapasuka, mwito na kiitikio, mguu unaopiga sakafu bila kuchoka. Waimbaji wengi wa disko na wa hausi walilelewa kwenye kwaya. Sylvester, mwanamume aliyeimba kwa sauti nyembamba akiwa amevaa vito na mashuka ya hariri, alianza akiwa mtoto katika kanisa la Kipentekoste huko Los Angeles. Carl Bean alirekodi mwaka 1977, chini ya kampuni ya Motown, wimbo uliosema waziwazi kwamba amezaliwa hivyo alivyo. Baadaye akaanzisha kanisa lake na akawa askofu mkuu. Watu waliotolewa kanisani walitoka na kinanda, tuseme.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 12 Julai 1979. Mtangazaji mmoja wa redio ya muziki wa roki, Steve Dahl, alikuwa ametangaza vita dhidi ya disko. Akapanga na wenye timu ya besiboli ya White Sox kwamba yeyote atakayeleta santuri ya disko katika uwanja wa Comiskey Park, upande wa kusini wa Chicago, ataingia kwa senti 98 tu, na santuri hizo zitalipuliwa katikati ya uwanja, baina ya mechi ya kwanza na ya pili. Walitarajia watu wachache. Wakaja takriban 50,000. Baruti ikalipuka, maelfu wakavamia uwanja, nyasi zikaungua, polisi wakaitwa, na mechi ya pili ikashindwa kuchezwa. Detroit wakapewa ushindi wa bure.

Kijana Mweusi mmoja, Vince Lawrence, alikuwa akifanya kazi ya kuwaonyesha watu viti usiku huo. Amesimulia mara nyingi alichokiona mikononi mwa watu walipokuwa wakiingia. Nyingi ya santuri hazikuwa disko hata kidogo. Zilikuwa santuri za wanamuziki Weusi, za aina yoyote. Dahl amekana siku zote kwamba alikuwa na chuki ya rangi au ya wapenzi wa jinsia moja, na huenda moyoni mwake anasema kweli, sipimi nyoyo. Lakini mimi ni mtu wa maneno, na natazama kilichoingia katika neno. Umati ule ulipopiga kelele kwamba ‘disko’ ife, ndani ya neno hilo palikuwa pameshatiwa watu.

Kampuni za kurekodi zilielewa upesi. Redio zikabadilisha nyimbo, fedha za disko zikakauka. Na hapa historia ikageuka kwa namna ambayo Dahl hakuipanga. Knuckles alikuwa na umati kila Jumamosi lakini santuri mpya zilikuwa zinamwishia. Akaanza kuchukua nyimbo za zamani, akazihamishia kwenye utepe, akaukata utepe kwa wembe na kuuunga upya: kipande kitamu akakirudia mara nne, mara nane, akaurefusha mdundo na kuondoa maneno. Halafu akaongeza mashine ya ngoma chini yake. Mashine hizo zilitoka Japani, kampuni ya Roland, na zilikuwa zimeshindwa sokoni. Ile ya besi, TB-303, ilitengenezwa imsaidie mpiga gitaa afanye mazoezi peke yake. Wapiga gitaa hawakuitaka, ikaacha kutengenezwa mwaka 1984, ikawa inauzwa mitumba kwa bei ya kutupa. Vijana wa Chicago waliokuwa na fedha kidogo wakaziokota. Muziki ambao leo unajaza viwanja vya Ulaya ulitoka kwenye santuri zilizokataliwa na mashine zilizokataliwa, mikononi mwa watu waliokataliwa. Sikuupanga usawa huo mimi, ndivyo ilivyokuwa.

Sasa jina. Wasomi na mashabiki wanabishana juu yake hadi leo, na mabishano hayo ndiyo yaliyonifanya niipende mada hii. Kuna masimulizi manne, angalau.

La kwanza ni la Knuckles mwenyewe. Alisema kwamba mapema miaka ya 1980 alikuwa garini na rafiki yake upande wa kusini wa mji, wakaona dirishani mwa baa tangazo kwamba humo wanapiga muziki wa hausi. Akauliza ni muziki gani huo. Rafiki akamjibu: ni huo unaoupiga wewe kule Warehouse. Simulizi la pili linatoka duka la santuri lililoitwa Imports Etc., ambako alifanya kazi Chip E., mwanamuziki wa hausi baadaye. Wateja walikuja wakitaka nyimbo walizozisikia Warehouse, basi dukani wakaziwekea sanduku lenye kibandiko cha kusema hivyo. Kibandiko kilikuwa kirefu, kikafupishwa, kikabaki ‘house’. La tatu linasema kila klabu ilikuwa na santuri zake za pekee, za nyumba hiyo, ambazo huzipati kwingine. Na la nne ndilo la mwanafunzi wangu: eti ni muziki uliotengenezewa nyumbani, chumbani kwa mtu, kwa mashine za bei nafuu.

Hilo la mwisho lina utamu, tena wapo wanamuziki wakubwa wanaolishikilia. Lakini halikubaliani na tarehe. Santuri inayohesabiwa na wengi kuwa ya kwanza ya hausi, ya Jesse Saunders aliyoitunga pamoja na Vince Lawrence (naam, yule kijana wa viti vya uwanjani), ilitoka mwaka 1984. Neno lilikuwa limeshazagaa madukani na mabaa kabla ya hapo, wakati ambapo muziki uliokuwa unaitwa hivyo ulikuwa bado ni santuri za Philadelphia na Italia, zilizorekodiwa studio kwa ala kamili. Huwezi kuuita muziki wa nyumbani kabla ya mtu yeyote kuutengeneza nyumbani. Maelezo hayo yalikuja baadaye, kama yanavyokuja sikuzote pale neno linapopoteza mzazi wake na watu wakalitafutia mwingine anayefanana nalo. La tatu lina uwezekano, ila halielezi kwa nini Chicago na si New York, ambako klabu zilikuwa nyingi zaidi. Masimulizi mawili ya kwanza yanaishia kwenye mlango mmoja, na mimi nasimama nayo.

Nani basi anafaidika neno likipewa mzazi mwingine? Sidhani kuna mtu aliyeketi akapanga njama. Lakini tazama kinachotokea. Ukisema hausi ni muziki wa nyumbani, unamwona kijana yeyote, wa rangi yoyote, chumbani na kompyuta yake. Ukisema ni muziki wa Warehouse, lazima useme Warehouse palikuwa wapi, na nani walikuwamo.

Baada ya mwaka 1982 Knuckles aliondoka na kufungua klabu yake, Power Plant. Williams akafungua nyingine, Muzic Box, na humo akamweka Ron Hardy, naye mwanamume aliyependa wanaume, aliyepiga muziki kwa kasi na ukali hata kupita Knuckles. Inasimuliwa kwamba vijana watatu wa kundi la Phuture walipomletea utepe uliojaa sauti za ajabu za ile mashine ya besi iliyoshindwa sokoni, aliupiga mara nne usiku mmoja. Mara ya kwanza watu waliondoka ukumbini. Mara ya nne walikuwa wamepagawa. Hardy alifariki mwaka 1992, Levan akafuata mwaka huo huo, mmoja akiwa na miaka 33, mwingine 38. Miaka hiyo ukimwi ulikuwa unazifagia klabu hizi, na wengi walioicheza dansi ya kwanza hawakuishi kuulizwa ilikuwaje.

Muziki wenyewe ulikwishapanda ndege. Mwaka 1986 wimbo wa Farley “Jackmaster” Funk, ukiimbwa na Darryl Pandy kwa sauti iliyotoka moja kwa moja madhabahuni, uliingia nyimbo kumi bora Uingereza. Januari 1987 Steve “Silk” Hurley akashika nafasi ya kwanza huko. Nyumbani Marekani wengi walikuwa hawajausikia. Waingereza wakaushika, wakaupeleka mashambani na maghalani kwao, Wajerumani na Waholanzi wakaupokea, na baada ya miaka ishirini ukawarudia Wamarekani wenyewe ukiwa na sura ya dijei mzungu mwenye kulipwa mamilioni kwa usiku mmoja. Fedha kwa waanzilishi zilikuwa haba. Mwaka 2020 Larry Heard na Robert Owens, wawili kati ya walio bora kuliko wote, walikwenda mahakamani kuishtaki kampuni ya Trax ya Chicago wakidai haki za nyimbo walizozitoa katika miaka ya 1980. Mwaka 2022 wakaelewana nje ya hukumu na kurudishiwa haki hizo. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini.

Afrika nayo ilipata fungu lake kwa njia yake. Afrika Kusini waliichukua hausi miaka ya 1990, wakaipunguza kasi, wakaitia lugha za mitaani, ikawa kwaito. Miaka ya 2010, vitongojini mwa Pretoria na Johannesburg, hausi ya taratibu ikachanganywa na piano na besi nzito, ikazaliwa amapiano. Na amapiano, ndugu msomaji, huhitaji mimi nikueleze. Imo ndani ya matatu unayopanda, imo katika nyimbo za akina Diamond kule Bongo. Mwezi Desemba nilihudhuria arusi ya mtoto wa binamu yangu kijijini, na mchungaji yule yule aliyetoka kuonya asubuhi juu ya “tabia za kigeni”, akizitaja kwa majina, niliona mguu wake ukigonga chini ya meza ilipofika saa kumi na dijei akafungulia besi. Simcheki. Wangu nao ulikuwa unagonga.

Wazee walisema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Ni methali isiyopendeza, Mhindi yeyote atakwambia, lakini inaeleza tabia ya mwanadamu bila kumremba: tunamtupa mtu na tunabaki na kiatu. Sheria ya Kenya kuhusu mapenzi ya jinsia moja inajulikana, na Mahakama Kuu iliiacha kama ilivyo Mei 2019. Safu hii si mahali pa kuijadili. Ninachojadili ni kiatu.

Tena tuna sababu ya pekee, sisi Wakenya, ya kukijua kisa hiki. Mwaka 2004 mji wa Chicago uliipa sehemu ya Jefferson Street, penye lile ghala, jina la heshima la Frankie Knuckles. Miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo alikuwa seneta wa jimbo la Illinois ambaye wakati huo nje ya jimbo lake alikuwa hajulikani sana, Barack Obama, ambaye kwao baba yake ni Kogelo. Miaka minne baadaye tulimfanyia seneta huyo sikukuu ya taifa zima. Julai 2015 alikuja Nairobi akiwa rais, akazungumza mbele ya mwenyeji wake juu ya haki za wapenzi wa jinsia moja, na mwenyeji akamjibu kwamba kwa Wakenya hilo si suala. Wengi tulishangaa mgeni amelitoa wapi. Sehemu moja ya jibu ilikuwa imeandikwa kwenye kibao cha barabara huko kwao. Knuckles alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, Machi 2014, na Obama na mkewe waliiandikia familia yake barua ya rambirambi.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisomea uzamifu Marekani katika miaka ya 1990, nilibadilisha garimoshi mara nyingi pale Union Station, Chicago. Kutoka kituoni hadi nambari 206 Jefferson ni mwendo wa dakika chache. Nilikuwa nikinyoosha miguu mitaa ile ile huku nikisubiri garimoshi, mkononi nimeshika kitabu cha fonolojia, na jengo lile nimelipita, sina shaka. Hapakuwa na kibao chochote. Mwaka 2023, baada ya watetezi wa majengo ya kale kuonya kwamba huenda likabomolewa, baraza la mji lililitangaza kuwa jengo la kihistoria linalolindwa.

Sasa nirudi kwa “muziki wa nyumbani”, maana simwonei mwanafunzi wangu. Kosa lake lilikuwa na ukweli ambao yeye hakuukusudia. Katika miaka ile ile, vijana Weusi na Walatino wa New York waliofukuzwa na wazazi wao walikuwa wakijipanga katika makundi ya dansi za mashindano, kila kundi likiwa na ‘mama’ wa kulilea, na kila kundi liliitwa ‘house’. La kwanza, la Crystal LaBeija, lilianza mwaka 1972. Hiyo si asili ya jina la muziki, nasisitiza. Lakini ni maana ya nyumba ambayo Mkikuyu anayesema nyumba ya Mumbi, au Mswahili anayemuuliza mtu katoka mlango gani, angeielewa bila mfasiri: ukoo, si kuta.

Juzi ameniletea kazi iliyosahihishwa. Ameandika ‘hausi’ kote, na chini ya ukurasa ameweka tanbihi nzuri fupi: kwamba jina limetokana na Warehouse, klabu ya Wamarekani Weusi iliyofunguliwa Chicago mwaka 1977. Hapo akaweka nukta. Nilimuuliza mbona ameishia njiani, na makala aliyoifasiri inasema zaidi. Akatazama mlango kwanza, akasema kwa sauti ya chini, “Profesa, mtahini wa nje ataisoma.”

Nilimrudishia karatasi. Nikamwambia aandike nusu iliyobaki, na mtahini nitamjibu mimi.